Upweke chuoni na simu usiku kucha: anzia hapa

Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, kama saa nane usiku bado uko TikTok na asubuhi una pindi saa moja, naomba usianze kwa kufuta apu. Mimi Instagram niliifuta mara nne, na kila mara niliirudisha Jumapili jioni, maana muda huo wenzangu chumbani wanapiga stori na mimi nimejikunja kitandani sijui pa kuingilia.

Kwa hiyo kwanza tafuta saa yako, yaani ule muda simu inapokuzidi nguvu. Kwenye Android fungua Digital Wellbeing, iPhone ni Screen Time, achana na jumla ya masaa, angalia muda gani matumizi yanapanda halafu jiulize kabla ya hapo kilitokea nini. Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1998 alitoa maswali 20 ya kujipima uraibu wa intaneti, na kuna moja linauliza kama unaogopa maisha bila intaneti yatakuwa matupu. Lijibu ukiwa peke yako, bila kujidanganya.

Pili, hiyo saa iwekee watu. Sisemi utafute rafiki wa kufa na kuzikana, hapana, tafuta sehemu yenye sura zilezile kila wiki, kwaya, darsa, mazoezi ya jioni, grupu la diskasheni, nenda hata kama huongei, wiki ya tatu ya nne hivi mtu atakuuliza mbona jana hukuja. Mimi nilianza na sentensi moja tu baada ya pindi, "unaenda kula wapi?", tukala wali maharage, na mpaka leo tunapigiana.

Simu ndo inafuata sasa. Bando la usiku acha kununua, chaji mezani mbali na kitanda, alamu nunua kasaa. Ila dada yako wa Mwanza mnayeongea WhatsApp usimkate jamani, kuongea na mtu ni tofauti kabisa na kutazama status za watu 80 bila kumsalimia hata mmoja.

Na kama wiki kadhaa hulali, huendi darasani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali ya chuo. Yakija mawazo ya kujidhuru usisubiri kukuche, mwamshe mwenzako wa chumbani usiku huohuo, mwambie "nisindikize".