Granti ndogo za chuo kwa Masomo ya Weusi: navyoomba mimi, hatua kwa hatua

Nafundisha Kiswahili kwenye chuo kimoja huku Marekani, madarasa yangu yako chini ya idara ya Masomo ya Weusi (Black Studies). Nimeomba hizi granti ndogo, yani pesa za msaada wa utafiti, mara saba nikapata nne, afu nikakaa miaka miwili kwenye kamati inayozisoma, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wadogo zangu mlioko masters na PhD mnaoniuliza kila mwaka dedlaini ikikaribia. Nazungumzia zile za dola 500 mpaka kama 5,000 zinazotolewa na idara au kituo ndani ya chuo chenyewe, zile kubwa zina mambo yake mengine.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini wanakuuliza habari ya jamii

Karibu kila fomu ina swali kwamba watu wa nje ya chuo watafaidika vipi, na wengi wanajibu "nitachapisha makala". Hilo sio jibu. Hizi idara zilipatikana kwa kudaiwa, pale chuo cha San Francisco State, California, wanafunzi waligoma kuanzia tarehe 6 Novemba 1968 mpaka Machi 1969, wakapigwa na polisi, wakakamatwa kwa mamia, ndo idara ikaanza. Walichokuwa wanataka ni elimu inayorudi mtaani kwao. Msomaji wa kamati anaijua hiyo historia vizuri sana, ukimwambia faida ni makala itakayosomwa na maprofesa wenzako anaona hujaelewa umeomba wapi. Andika mtaa, andika ukumbi, andika ni kina nani watakaa kwenye viti.

Hatua ya 2: Kata mada mpaka ibaki kipande

"Wamarekani Weusi na Tanzania" hicho ni kitabu kizima, hakuna dola 2,000 za kukimaliza. Nitatumia mfano huu mpaka mwisho: Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika (Pan-African Congress) ulifanyika Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akaufungua, mara ya kwanza unafanyika Afrika maana ule wa tano ulikuwa Manchester 1945. Hotuba za wakubwa zimeshaandikwa sana. Kipande chako kiwe wale vijana wa Dar waliopokea wageni Weusi toka Marekani, waliotafsiri, walioendesha magari, ambao leo wana miaka 70 na kitu na hakuna aliyekwenda kuwauliza. Sentensi ya kwanza ya propozo, yani andiko lako la kuomba, inakuwa: nitarekodi wazee sita Dar es Salaam, nitakaa siku tatu kwenye nyaraka Washington, nitarudisha sauti kwa wenyewe. Basi, kamati ikisoma hiyo inajua kazi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja mwandikie mtunza nyaraka, kwa mfano pale Moorland-Spingarn, kituo cha nyaraka cha chuo cha Howard huko Washington, umuulize wana maboksi gani yanayohusu mada yako na yako wazi kusomwa au bado. Jibu lake liambatanishe. Nilipokuwa kwenye kamati, ombi lenye barua ya hivyo lilikuwa linapanda juu lenyewe.

Hatua ya 3: Bajeti, hapa tulia

Maombi mengi nimeona yanaangukia hapa. Usiandike "usafiri 1,000, mengineyo 1,000", neno mengineyo lifute kabisa. Yangu ya dola 2,000 ilikaa hivi: treni kwenda Washington na kurudi 180, chumba usiku nne kwa 110 ni 440, chakula siku tano kwa 40 ni 200, kupiga kopi za nyaraka 130, asante ya wazee sita kwa 75 ni 450, kumlipa mtu wa kuandika mahojiano saa sita kwa 60 ni 360, na baraza ya kusikiliza rekodi kule Dar, yani chai, viti na spika, 240. Nauli ya ndege sikuiomba kwa sababu nilikuwa naenda nyumbani likizo, nikalisema hilo wazi.

Ile asante ya wazee usikubali ikatwe. Kuna mtu wa fedha atakwambia wazee watafurahi tu kuhojiwa. Mzee amekupa siku yake nzima na kumbukumbu ya miaka 50, wewe unatoka na digrii, yeye anabaki na nini? Ila uliza mapema kwa maandishi wanakubali risiti gani, maana mzee wa Temeke hana akaunti ya dola. Mimi walikubali karatasi yenye sahihi yake pamoja na meseji ya M-Pesa.

Na uliza pesa inatoka kabla au baada. Vyuo vingi unatumia zako kwanza afu unarudishiwa kwa risiti, mimi niliwahi kukaa miezi mitatu na deni kwenye kadi nikisubiri, kwa mwanafunzi hiyo inaumiza sana kwa hiyo omba masurufu, yani upewe pesa kabla ya kutumia, mapema. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au J-1 (ya programu za kubadilishana) ajue kwamba ikilipwa kama skolashipu mkononi wanaweza kukata kodi 14%, na nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa.

Hatua ya 4: Vibali

Sheria ya serikali ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2019 imeitoa historia simulizi kwenye utafiti unaosimamiwa na kamati za maadili, lakini usijiamulie mwenyewe, peleka ile fomu fupi kwa kamati ya maadili ya chuo chako, wao ndo waseme. Ukirekodi Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia, Zanzibar wana utaratibu wao, Kenya tume yao ya namna hiyo ni NACOSTI. Anza miezi kadhaa kabla, na kwenye propozo andika umefikia wapi.

Hatua ya 5: Mpe mtu asiye wa fani yako asome

Kwenye kamati utakutana na mtu wa muziki, wa sosholojia, wa maktaba. Kama dada yako nesi haelewi kurasa zako mbili, rudia.

Hatua ya 6: Ukishapata

Risiti piga picha siku hiyohiyo. Ripoti peleka kabla hawajakukumbusha. Na kila mzee apate rekodi yake kwenye flashi au kwa WhatsApp ya mjukuu, siku ya baraza muwekee kiti cha mbele na usianze kuongea wewe, bonyeza spika sauti yake isikike kwanza.