Ramani ya Afrika uani: mfundishe mtoto kwa korosho, karanga na pamba

Nilifundisha jiografia na historia shule za msingi kwa miaka thelathini na kitu, na mingi kati ya hiyo nilifundisha vibaya. Niliandika majina ya nchi ubaoni, watoto wakanakili, wakakariri, mtihani ukapita, majina yakayeyuka. Nimestaafu ndipo nikaliona kosa. Tulikuwa tumesimama na mjukuu wangu wa darasa la tano pale Shimo la Mungu, hapa Newala, tukitazama bonde la Ruvuma kule chini na Msumbiji ng'ambo. Akauliza, "Bibi, mstari wenyewe uko wapi?" Kwenye atlasi aliuona mwekundu. Pale aliona pori upande huu na pori upande ule.

Kwa hiyo anza na mpaka ambao mtoto anaweza kuuona kwa macho yake. Ukiwa Mtwara au Lindi, ni Ruvuma. Mwambie kwamba Desemba 1886 Mjerumani na Mreno walikubaliana huko Ulaya kuwa mto huo uwatenganishe, na pale unapokutana na Msinje, mstari uache mto na kunyooka magharibi hadi Ziwa Nyasa. Mtoto aufuate kwa kidole. Akifika kwenye mstari ulionyooka, mwulize: mto gani unanyooka hivi? Tangu siku hiyo kila ramani atakayoiona atatafuta mistari iliyonyooka mwenyewe, na atakuta imejaa tele Misri, Libya, Aljeria na Namibia.

Sasa fagia uwanja. Afrika inakaribia mraba: kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 8,000, magharibi hadi mashariki kama 7,400. Hatua moja ya mtoto iwe kilomita elfu moja. Apime hatua nane kwa saba na nusu, achore mraba kwa kijiti, kisha auvuke katikati kwa mstari wa Ikweta na mwingine wa kusimama. Vyumba vinne. Chumba cha juu kushoto ni tumbo la Afrika Magharibi na Sahara. Cha chini kushoto karibu chote ni bahari, Angola na Namibia zinachungulia tu pembeni. Juu kulia, Misri inashuka hadi Pembe ya Afrika. Chini kulia ndiko kwetu. Kutoka Ikweta shuka hatua moja na robo karibu na pwani, weka kijiwe: hapo ni Newala. Hakikisha mtoto anakiweka mwenyewe, maana asipojiona kwenye ramani ataichezea dakika tano na kukimbilia mpira.

Mito ni kamba ya katani: Naili, Niger inayopinda kama kiwiko, Kongo inayovuka Ikweta mara mbili, Zambezi. Ruvuma tunaitendea upendeleo, tunaiwekea uzi wa kanga.

Halafu jikoni. Kila mkoloni na punje yake, iwekwe kwenye kila nchi aliyoitawala.

Mreno ni korosho, maana ndiye aliyeuleta mkorosho kutoka Brazil. Punje tano: Msumbiji, Angola, Guinea-Bissau, Cape Verde, Sao Tome na Principe. Mwingereza ni karanga. Mwaka 1947 alikuja na matrekta kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na kufika 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli iling'olewa, bandari tunayo. Mjerumani ni pamba. Huku kwetu hailimwi, nyonyoa kidogo ile ya duka la dawa. Julai 1905, Nandete katika milima ya Umatumbi, Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na hapo ndipo Maji Maji ilipoanzia. Mbelgiji ni kipande cha kandambili iliyokatika, kwa ajili ya mpira wa Kongo, nchi iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II hadi 1908. Mwitaliano ni tambi: Libya, Eritrea, Somalia ya kusini. Mfaransa ni mbaazi, kwa sababu anahitaji punje nyingi na mbaazi kwangu hazikosekani. Mhispania nilimwekea jiwe. Sikupata cha maana.

Usiharakishe hapa. Utamu uko kwenye punje zinazopandana. Tanganyika inapata pamba, halafu baada ya Vita Kuu ya Kwanza karanga juu yake. Rwanda na Burundi pamba, kisha kandambili. Kamerun na Togo pamba, kisha mbaazi upande mmoja na karanga upande mwingine. Na chini ya mdomo wa Ruvuma, upande wa Msumbiji, weka kauzi kadogo ka pamba: ni Kionga, alikokalia Mjerumani mwaka 1894. Mreno alikachukua tena 1916. Mjukuu wangu aliipenda Kionga kuliko Misri na piramidi zake.

Ethiopia iachwe wazi, kwani Machi 1896 ilimshinda Mwitaliano pale Adwa. Tambi iwekwe 1936, iondolewe 1941. Liberia nayo wazi, ilijitangazia uhuru 1847, ila mweleze mtoto kwamba iliasisiwa na watu weusi waliotoka Marekani, na wenyeji walikuwapo kabla yao.

Kuna kosa nililolirudia darasani miaka mingi: kwamba kwenye mkutano wa Berlin mwaka 1884 na 1885 wakoloni walikaa na rula wakakata bara zima kama mkate. Mkutano ule uliweka zaidi kanuni za biashara Kongo na Niger, na za kudai pwani. Mistari yenyewe mingi ilichorwa baadaye, wawili wawili, kama huu wetu wa 1886, au ule wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890. Lililo kweli ni kwamba hakualikwa Mwafrika hata mmoja.

Sasa watu. Chukua vitambaa virefu, uvitandaze juu ya mipaka. Wamakonde: Newala hadi Mueda. Wayao: Masasi, Tunduru, Msumbiji, Malawi. Wamakua nao pande zote mbili. Waewe wako Ghana na Togo. Wasomali watahitaji kitambaa kipana. Mimi nilizaliwa ng'ambo. Baada ya Wareno kuwapiga watu risasi Mueda, tarehe 16 Juni 1960, mama alinivusha Ruvuma mgongoni, na huku sisi Wamakonde wa Msumbiji tuliitwa Wamawia, wala halikuwa jina la sifa. Uliza nyumbani kwako nani ana ndugu nchi gani. Sisi tulimkumbuka mjomba aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge Kenya, ambako Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakapewa uraia.

Mwisho punje ziondolewe kwa mwaka. Soma tarehe, mtoto anyanyue. Ghana 1957. Guinea 1958, iliyomwambia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, hapana. Mwaka 1960 ni punje kumi na saba kwa mpigo, kumi na nne zikiwa mbaazi, watoto watagombania. Tanganyika 9 Desemba 1961. Korosho zinang'ang'ania hadi 1974 na 1975. Hapo simama kidogo, umsimulie kambi ya Nachingwea ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na kiongozi wao Samora Machel alivyovuka Ruvuma Mei 1975 akaizunguka nchi yake hadi Maputo. Mama alikuwa hai. Redio iliwashwa nyumbani siku nzima bila mtu kujali bei ya betri.

Funga kuku kabla ya kuanza. Sisi hatukuwafunga, na Afrika Magharibi ilipata uhuru mapema kuliko kawaida.