Imeili ya benki imeingia: hatua za kuikagua kabla hujagusa kitu

Wakuu habari zenu. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na imeili za maofisi madogo madogo hapa Dar, maduka ya jumla, watu wa klia na fowadi, shule binafsi, na siku hizi kinachoniita haraka kuliko virusi ni imeili feki za benki. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wameshazizoea, hata mzee kijijini anazijua, lakini imeili ikija na nembo ya benki na rangi zake na chini imesainiwa "Idara ya Usalama" mhasibu mzima na uzoefu wake anakaa anajaza kila kitu. Inaniuma kwa sababu karibu zote zinagundulika ndani ya dakika mbili ukijua pa kuangalia. Sasa naandika vile ninavyowafundisha makeshia na wahasibu, fuata kwa mpangilio huu huu.

Kwanza kabisa usihukumu kwa muonekano. Nembo inakopiwa kwenye tovuti ya benki yenyewe, na ile tuliyokuwa tunaambiana zamani kwamba angalia lugha mbovu imeshapitwa, matapeli wanaandikiwa na programu za akili bandia na Kiswahili kinakuja kimenyooka kabisa.

Hatua ya 1: Inataka ufanye nini?

Kabla ya anwani, kabla ya linki, soma ujiulize inataka nini. Utakuta akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, au kuna muamala umefanyika bofya hapa kuuzuia, au hakiki upya namba yako ya NIDA, au umeingiziwa hela fungua faili uone. Zote zina mambo mawili, zinakuharakisha ili usipate muda wa kumuuliza mtu, afu zinakupa njia ya kupita ambayo wao ndio wameitengeneza, iwe linki, faili, QR au namba ya simu. Na ikikuomba PIN, paswedi, OTP (zile namba za siri za mara moja zinazoingia kwenye simu) au zile namba 3 za nyuma ya kadi basi umemaliza ukaguzi, ni tapeli, huna haja ya hatua ya pili.

Hatua ya 2: Fungua anwani kamili ya mtumaji

Jina linaloonekana juu ni maandishi tu, mtu anaweza kujiandika hata "Benki Kuu". Kwenye simu ukiwa na Gmail gusa kile kishale kidogo chini ya jina la mtumaji, anwani kamili itafunguka. Kwenye laptopu iko pembeni ya jina. Angalia kilichopo baada ya alama ya @. Kama ni gmail.com au outlook.com achana nayo, benki haiandikii wateja kwa Gmail.

Hatua ya 3: Soma anwani kuanzia kulia

Hapa naomba utulie maana ndipo watu wengi wanapopigwa, iwe ni anwani ya mtumaji au ya linki. Sisi tumezoea kusoma kutoka kushoto, tukiona jina la benki mwanzoni tunaridhika, na tapeli analijua hilo. Chukua mfano NMB kwa sababu inafahamika na wengi, tovuti yao ni nmbbank.co.tz. Sasa angalia hii:

https://www.nmbbank.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia

Mtu anaona nmbbank.co.tz anabofya. Fanya hivi: ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani hii alama /, kata hapo na vya mbele yake vyote visahau. Kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Mwisho ni .com, neno moja kabla yake ni hakiki-akaunti. Huyo ndiye mwenye tovuti, basi. Yale yote yaliyotangulia huko kushoto ameyaandika yeye anavyotaka, hayahitaji ruhusa ya benki yoyote. Ni kama jina la mtu na ukoo wake, jina la mbele unaweza kujiita lolote lakini ukoo ndio unaonyesha umetoka nyumba gani.

Ikiishia na vipande viwili kama .co.tz, .go.tz au .co.ke hivyo viwili vihesabu kama mwisho mmoja, afu chukua neno lililo kabla yake. Kwahiyo kwenye www.nmbbank.co.tz mwenyewe ni nmbbank, hiyo iko sawa. Ila kuwa na .co.tz peke yake sio ushahidi, lazima na neno la kabla yake liwe lenyewe herufi kwa herufi.

Jizoeshe na hizi nazo, zote ni feki:

- nmbbank-tz.com: kistari kimeongezwa na mwisho umebadilika, hiyo ni domeini (anwani ya mwenye tovuti) nyingine kabisa
- hakiki-akaunti.com/nmbbank.co.tz: jina la benki limewekwa baada ya mkwaju, halina maana yoyote
- nmbbank.co.tz@hakiki-akaunti.com kwenye linki: brauza inachukulia cha kabla ya @ kama jina la mtumiaji tu, inakupeleka kwa yule wa kulia
- nrnbbank.co.tz: isome tena taratibu, pale penye m kuna r na n, kwenye kioo kidogo cha simu huoni tofauti

Kuna na mbaya zaidi, herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na zetu, mfano "a" ya Kirusi huwezi kuitofautisha na yetu kwa macho. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama, Xudong Zheng, alionyesha tovuti iliyosomeka apple.com kwenye Chrome na Firefox wakati herufi zote zilikuwa za Kisirili, yaani hiyo alfabeti ya Kirusi. Chrome walirekebisha, lakini ukiona anwani inaanza na xn-- ujue kuna herufi za namna hiyo, toka. Ndio maana hatua ya 7 huko chini ina uzito kuliko macho yako.

Hatua ya 4: Linki uione bila kuibofya

Maandishi ya linki na pale inapoenda ni vitu viwili tofauti. Kwenye laptopu peleka mausi juu yake bila kubofya, anwani halisi inatokea chini kushoto. Kwenye simu bonyeza ushikilie mpaka anwani itokee, isome kwa ile njia ya kulia, afu funga. Zile linki fupi za bit.ly zinazoficha zinakokwenda usizifuate kwenye jambo la hela, na QR ndani ya imeili ni linki vilevile, imefichwa tu kwenye picha.

Kuhusu kile kikufuli, jamani tuache kukiamini. Kinasema mawasiliano yako na hiyo tovuti yamefichwa wengine wasiyasome, hakisemi tovuti ni ya nani. Cheti chake kinapatikana bure, Let's Encrypt wanavitoa, na tapeli anakipata kama mimi na wewe. Google wenyewe walikitoa hicho kikufuli kwenye Chrome mwaka 2023.

Hatua ya 5: Mafaili

Wenye maduka na wanaoagiza mizigo hii ni yenu. Inakuja imeili "swift copy" au "payment advice", yaani uthibitisho kwamba umelipwa, na kwa sababu kweli unasubiri malipo unafungua. Faili la .html linakufungulia ukurasa wa kuingia wa uongo hapohapo kwenye kompyuta yako, .zip na .iso mara nyingi zimebeba programu ya kuiba paswedi, na kuna yale ya risiti.pdf.exe ambayo Windows inaficha ule mwisho unaona pdf tu. Ifungue File Explorer, nenda View (kwenye Windows 11 ni View kisha Show), washa "File name extensions", ifanye leo kwenye kila kompyuta ya ofisi. Na faili la Word au Excel likikuambia ubofye "Enable Content" ndio usome, lifunge.

Hatua ya 6: Kwa wenye laptopu na dakika moja zaidi

Kwenye Gmail bofya vile vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, hivyo ni vipimo vya kuhakikisha imeili imetoka kweli kwenye domeini iliyoandikwa. Ukiona FAIL kwenye imeili inayojiita benki, usiiamini. Toka Februari 2024 Google wanawalazimisha wanaotuma imeili nyingi, zaidi ya 5,000 kwa siku, wawe na DMARC, kwahiyo benki haina sababu ya kutokuwa nayo. Lakini PASS isikulaze, maana yake ni kwamba imetoka kwenye ile domeini iliyoandikwa, na tapeli mwenye nrnbbank yake anapata PASS safi kabisa. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 7: Nenda benki kwa njia yako mwenyewe

Hata kama hatua zote zimepita bado usitumie linki ya kwenye imeili. Ifunge. Fungua programu ya benki kwenye simu yako, au andika anwani mwenyewe, au piga namba ya simu iliyo nyuma ya kadi. Kama kweli akaunti ina tatizo utalikuta hukohuko, kama hakuna basi hakuna. Ukiwa umehifadhi paswedi kwenye brauza unapata msaada mwingine, yenyewe inalinganisha domeini herufi kwa herufi, siku ikikataa kujaza paswedi yenyewe kwenye ukurasa uliouzoea simama hapo, usiandike kwa mkono.

Kama umeshajaza

Kufungua imeili tu bila kugusa linki wala faili sio jambo la kukutoa jasho. Ukiwa umejaza, kila dakika ina hesabu. Ule ukurasa ukikuomba OTP maana yake mwizi yuko kwenye ukurasa wa kuingilia akaunti yako ya kweli muda huohuo, anasubiri hizo namba aingie.

Piga benki kwanza, kabla ya kumpigia mtu yeyote, waambie wafunge kadi na huduma za mtandao. Afu chukua kifaa kingine, badilisha paswedi ya benki na ya imeili. Kwenye Gmail nenda Settings, angalia Filters na Forwarding, kuna wezi wanaweka sheria ya kuficha au kupeleka pembeni imeili zote za benki ili usione hela ikitoka, na hili watu wanalisahau kila siku. Imeili yenyewe usiifute, ni ushahidi. Nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015, na kama kuna meseji waliyokutumia ipeleke TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwenye 15040.

Mabosi nao, keshia akija kukuambia amebofya usimfokee mbele za watu. Ukimfokea, anayefuata atanyamaza mpaka Jumatatu.

Baada ya hapo tegemea simu. Wameshapata jina lako, benki yako na namba yako, kwahiyo mtu atapiga kwa sauti ya upole, "tunapiga kutoka benki, tumeona umeibiwa, tukurudishie hela yako, tusomee namba zilizoingia sasa hivi kwenye simu". Hao ni walewale. Kata, piga wewe ile namba ya nyuma ya kadi.