Kabla hujapeleka vibarua saiti: jinsi ya kuandika kifungu cha kuanza kazi

Mikataba mingi ya nyumba ninayoletewa niisome hapa Masasi ina bei, ina ramani, ina mashahidi wawili na picha za pasipoti, halafu ukifika kwenye kuanza unakuta "kazi itaanza mara moja". Mara moja ya nani? Mteja anahesabu tangu aliposaini, fundi anahesabu tangu alipopewa hela. Nyumba ikichelewa, mmoja anadai fidia na mwenzake anaapa kwamba siku zake hazijaisha, na karatasi haimsaidii yeyote.

Mimi ni mkandarasi wa majengo daraja la saba, la chini kabisa kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kazi zangu ni nyumba za kuishi, fremu za maduka, na ghala dogo likipatikana. Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wa saizi hiyo, pamoja na mafundi wanaojenga kwa makubaliano ya moja kwa moja na mwenye kiwanja. Ukipata kazi ya serikali, masharti utayakuta yameshachapwa. Kazi yako ni kuyasoma kabla hujasaini.

Kitu cha kwanza, acha kuandika tarehe kavu. "Kazi itaanza tarehe 1 Septemba" ni kujifunga kamba kama kuna jambo linalotakiwa kutangulia na liko mikononi mwa mtu mwingine. Taja mambo yanayotakiwa kukamilika, kisha siku za ujenzi zihesabiwe kuanzia lile la mwisho lilipokamilika. Wakubwa nao hawategemei siku ya kusaini: mkataba wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 8.1, unamtaka mhandisi ampe mkandarasi taarifa ya siku zisizopungua 7 kabla ya tarehe ya kuanza, na kama hakuna kilichoandikwa vinginevyo, tarehe hiyo iwe ndani ya siku 42 tangu mkandarasi alipopokea barua ya kukubaliwa zabuni. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, nayo inayatambua makubaliano yanayosubiri tukio fulani.

Mimi huandika hivi:

"Fundi ataanza kazi ndani ya siku saba za kalenda baada ya siku ambayo yote haya yatakuwa yametimia: malipo ya awali yameingia kwenye akaunti ya fundi, kibali cha ujenzi kimetolewa na nakala yake fundi anayo, kiwanja kimekabidhiwa kwa maandishi kikiwa wazi na bikoni zake (alama za mipaka) zinaonekana. Siku za ujenzi zitahesabiwa kuanzia siku aliyoanza, au siku ya saba, ipi itatangulia."

Maneno hayo ya mwisho yanamlinda mteja, na mteja mwelewa atayataka. Bila hayo, fundi anaweza kupokea advansi akaenda kumalizia nyumba ya mtu mwingine Nachingwea.

Sasa hela, maana ugomvi mwingi unatokea hapo. Huku kwetu mteja anakuja Julai au Agosti, mikorosho imeanza kuchanua, anakwambia tusaini kabisa, advansi utapata "baada ya mnada". Usikubali maneno hayo yaingie kwenye mkataba. Msimu mmoja una minada mingi. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika, TANECU au MAMCU kulingana na wilaya yake, na baada ya kuuzwa bado mnunuzi alipe ndipo hela ishuke benki. Mzigo unaweza kuuzwa leo na mwenye mzigo akaendelea kusubiri. Ukiandika "baada ya mnada", mteja wa Newala atakusukuma uanze siku aliyosikia bei, wewe huna hata ya mchanga. Andika siku hela inapoingia kwenye akaunti yako, basi. Imetoka kwenye korosho, ufuta au mkopo, hilo la kwake.

Kiwanja kukabidhiwa si kuonyeshwa kwa kidole. Nendeni wote wawili, na jirani akiwepo vizuri zaidi. Tafuteni bikoni moja moja, fyekeni mpaka zionekane, andikeni karatasi moja: tarehe, namba za bikoni, kilichokutwa juu ya kiwanja (mikorosho miwili, kibanda cha matofali mabichi, kaburi kama lipo), na nani atakiondoa kwa gharama ya nani. Halafu sainini. Kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala na Tandahimba, ongezeni mstari wa maji: yatatoka wapi, nani ananunua boza. Kule nimeona zege likisubiri maji kuliko linavyosubiri saruji, na saruji yenyewe inatengenezwa hapa hapa Mtwara.

Kuhusu nani ana mamlaka ya kusema "anza", taja mtu mmoja kwa jina na namba yake ya simu. Mteja yuko Dar, mdogo wake yuko Masasi, mama yao ndiye anaishi jirani na kiwanja, na wote watatu watakupigia. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu haupuuzwi kwa sababu tu ni wa simu. Kwa hiyo "anza tu fundi" ya WhatsApp inaweza kusomwa mbele ya hakimu, na wewe ukiuitikia ukachimba msingi, utakuwa na kazi ya kueleza kwa nini sasa unadai sharti la advansi halijatimia. Kama mteja anataka usafishe kiwanja au upeleke mawe mapema, mwandikie karatasi ya pembeni yenye bei yake, na useme kwamba kazi hiyo haianzishi siku za mkataba. Mimi advansi isipoingia sichimbi hata shimo la choo, na wateja wangu wanajua.

Weka na ukomo wa kusubiri. Siku 60 zikipita tangu kusaini na masharti hayajatimia, bei ya vifaa ipitiwe upya kwa bei ya dukani siku hiyo, au kila upande uwe huru kujitoa. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar huko Somanga, aliyekuwa anategemea bati za Dar alijua thamani ya mstari huo.

Ukishaandika yote, shika kalenda kabla ya kusaini. Hesabu ucheleweshaji mrefu unaowezekana uone msingi utaangukia mwezi gani. Kuanzia Oktoba vibarua wako porini wanaokota korosho na waliobaki wanapandisha bei. Desemba mvua inashika, na mtaro uliochimbwa kwenye kichanga unajifukia wenyewe. Kama hesabu inakupeleka huko, ongeza siku za ujenzi sasa hivi, kwenye mkataba, mteja akiwa bado anatabasamu.