Jinsi ya Kuomba Shahada ya Uzamili ya Ngoma za Kale za Kihindi Ukiwa Afrika Mashariki

Anayetaka kusoma uzamili wa Bharatanatyam, Kathak au Odissi nchini India huanza kwa kuulizia ada na viza, ilhali mambo hayo mawili yana majibu mepesi na watu wa kuyajibu wapo. Kinachokwamisha maombi ni karatasi moja ambayo wengi wetu tuliojifunzia ngoma hizi huku nyumbani hatuna, nayo ni uthibitisho kwamba umefundishwa na kutahiniwa na chombo kinachotambulika. Mimi nilikuwa na shahada ya kwanza ya sanaa, barua ya mwalimu wangu wa mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, na picha za maonyesho. Chuo nilichokiomba kwanza kilinijibu kwa sentensi mbili kwamba barua ya mwalimu binafsi haihesabiki, na msimu mzima wa maombi ukawa umeniponyoka. Kwa hiyo nitapita haraka penye fomu za kawaida na kukaa zaidi hapo palipouma.

Kabla ya yote, taja mtindo, kwa kuwa hakuna idara inayofundisha ngoma ya Kihindi kwa ujumla wake. Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho, inatambua mitindo minane ya kale: Bharatanatyam, Kathak, Kathakali, Kuchipudi, Manipuri, Mohiniyattam, Odissi na Sattriya, huu wa mwisho ukiwa ulitambuliwa mwaka 2000. Kila mtindo una makao yake, na chuo chenye jina kubwa katika mmoja huenda kisifundishe mwingine kabisa. Mwenye Kuchipudi au Bharatanatyam ataangalia University of Hyderabad. Bharatanatyam na Kathak zinafundishwa Maharaja Sayajirao University of Baroda na Banaras Hindu University. Anayetaka Odissi asiipite Indira Kala Sangit Vishwavidyalaya, chuo cha muziki na sanaa kilichoanzishwa mwaka 1956 katika mji mdogo wa Khairagarh, jimbo la Chhattisgarh, ambako anayejua Kihindi kidogo atajishukuru, kwa sababu mhadhara ukinoga mwalimu husahau kwamba kuna mgeni darasani. Kathakali na Manipuri zina nyumba ya siku nyingi Visva-Bharati, huko Santiniketan.

Wengi hutaja Kalakshetra ya Chennai, iliyoanzishwa na Rukmini Devi Arundale mwaka 1936, na kwa nidhamu ya mwili ni vigumu kuishinda. Hata hivyo, masomo yaliyoipa sifa ni ya diploma na ya baada ya diploma. Kama nia yako ni kurudi kufundisha chuo kikuu nyumbani, iulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au chombo kinachofanya kazi hiyo katika nchi yako, kama tuzo unayoikusudia itatambuliwa kuwa sawa na uzamili, na jibu ulipate kwa maandishi. Jibu la mdomo lililotolewa dirishani hubadilika mara tu aliyelitoa anapokwenda likizo.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Matangazo ya udahili kwa kawaida huweka milango miwili. Wa kwanza ni wa mwenye shahada ya kwanza ya ngoma hiyohiyo, na wa pili ni wa mwenye shahada yoyote ya kwanza pamoja na diploma au cheti cha kiwango cha visharad. Sisi karibu sote tunapitia mlango wa pili. Visharad ni ngazi katika mfululizo wa mitihani inayoendeshwa na vyombo kama Akhil Bharatiya Gandharva Mahavidyalaya Mandal: mwanafunzi huanza na prarambhik, akapanda praveshika na madhyama, ndipo akafika visharad, na juu yake ipo alankar. Kuna mtihani wa kucheza na kuna mtihani wa nadharia wa kuandika. Ngazi hizo zimepangwa kufanywa kwa miaka, hivyo anayefikiria uzamili akiwa bado mwaka wa kwanza wa shahada yake ndiye aliye ndani ya wakati. Anayefikiria mwezi mmoja kabla ya dirisha kufungwa atakuwa anaombea mwaka unaofuata.

Muulize mwalimu wako wanafunzi wake husajiliwa katika mitihani ya chombo gani na kituo kiko wapi. Najua kwamba kumhoji guru habari za karatasi kunaonekana utovu wa adabu, hasa kwa aliyekulea tangu hujui kufunga njuga. Muulize darasa likiisha, ukishamgusa miguu, lakini muulize. Kama hana kituo, tafuta aliye nacho kabla hujajaza fomu yoyote. Mimi nilirudishwa kufanya mtihani wa ngazi ambayo miguu yangu ilikwisha kuivuka zamani, katika kituo kilichokuwa nchi jirani, na nauli, malazi pamoja na malipo ya mpigaji wa kunisindikiza viligharimu kuliko kitu kingine chochote katika safari yote ya maombi.

Arangetram, lile onyesho la kwanza la kucheza peke yako, haikai mahali pa mtihani. Familia huuza mpaka kisichouzika ili zikodi ukumbi, zimlete mpigaji wa ala ya mridangam na kushonesha mavazi ya hariri, kisha ofisi ya udahili inauliza cheti kiko wapi. Pamoja na hayo, kitunze kijitabu cha programu ya siku ile, kwa kuwa kinaonyesha vipande ulivyocheza kuanzia alarippu, kipande cha kufungulia, hadi tillana, cha kufungia, pamoja na majina ya waimbaji na wapigaji, na kamati ya idara hukisoma kwa makini hata pale ofisi ya udahili isipokijali.

Hilo linanileta kwenye jambo lililoniokoa. Idara ya ngoma na ofisi ya udahili ni kama visiwa viwili vyenye mashua moja, na mashua yenyewe haina ratiba. Baadhi ya idara ziko tayari kupima mafunzo ya mwombaji kwa usaili wa kucheza, lakini ofisi ya udahili huchuja karatasi kabla idara haijaliona jina lako. Kwa hiyo mwandikie mkuu wa idara mapema, umweleze mtindo, miaka ya mafunzo na vyeti ulivyo navyo, kisha umwombe akujibu kama unastahili kuomba. Akijibu ndiyo, jibu lake lichapishe na uliweke kuwa ukurasa wa kwanza wa viambatisho vyako. Barua ya mwalimu nayo bado inahitajika, ila isiwe ya kukusifia tabia. Itaje mwezi na mwaka ulioanza, saa za darasa kwa wiki, vipande ulivyofundishwa kimojakimoja, na nasaba ya mafunzo: kwa Bharatanatyam iseme kama ni mkondo wa Pandanallur, Vazhuvoor au Kalakshetra, na kwa Kathak iseme kama ni wa Lucknow, Jaipur au Banaras. Msomaji wa barua hiyo anataka kujua guru wa guru wako ni nani.

Vyeti vya kawaida havina maajabu, isipokuwa katika mambo mawili. La kwanza ni alama: fomu nyingi za India zina kisanduku cha asilimia, na transkripti zetu zina GPA ya kati ya sifuri na tano. Usipige hesabu yako mwenyewe ukaijaza, bali omba ofisi ya msajili wa chuo chako barua inayoeleza mizani ya alama na ulinganifu wake kwa asilimia. Barua hiyo ina aya moja, na kuisubiri kunahitaji subira ya mvuvi, maana mwenye kuiandika yupo, mwenye kuisaini yuko kikaoni, na mwenye mhuri ameondoka na ufunguo wa kabati. La pili ni majina. Ukiwa Aisha kwenye pasipoti, Asha kwenye cheti cha kidato cha nne na una jina la ukoo lililoandikwa kwa kusikiwa tu kwenye cheti cha ngoma, wewe ni watu watatu. Nenda kwa wakili ukatengeneze hati ya kiapo ya majina, na uiambatishe popote vyeti hivyo vinapokwenda pamoja.

Video ya kucheza inastahili kupewa uzito uleule wa vyeti. Waombaji wa sanaa za maonyesho kwa ufadhili wa serikali ya India huelekezwa kuambatisha rekodi za kazi zao, na vyuo vingi huomba vivyo hivyo. Video nzuri ya arusi, yenye picha zinazofifia na maua yanayopita kwenye kioo, haifai. Weka kamera mahali pamoja, usawa wa kifua, na fremu ionyeshe mwili wote kutoka utosini hadi nyayoni muda wote, kwa kuwa mtazamaji wa Bharatanatyam ataangalia kwanza kama aramandi yako, yaani ule mkao wa kukunja magoti, inashuka na kama magoti yanafunguka, na wa Kathak ataangalia tatkar yako, yaani mipigo ya nyayo, inavyokaa katika mapigo 16 ya mzunguko wa teentaal. Vaa sari ya mazoezi iliyofungwa vizuri ili goti lionekane. Anza na adavu, yaani hatua za msingi, au mizunguko ya msingi katika kasi tatu bila kukata, kisha cheza kipande kimoja cha miguu na kimoja cha abhinaya, ambamo uso na macho vinabeba maneno ya wimbo. Sehemu uliyojikwaa kidogo iache ilivyo, kwa sababu mkato katikati ya kipande huleta shaka kubwa kuliko kujikwaa.

Kuhusu fedha, njia inayotumiwa na wengi kutoka kwetu ni ufadhili wa Indian Council for Cultural Relations, ICCR, baraza lililoanzishwa mwaka 1950, ambalo pia ndilo lenye kituo cha utamaduni cha Swami Vivekananda jijini Dar es Salaam. Maombi hufanywa kwenye tovuti yake ya A2A, mara nyingi katika miezi ya mwanzo ya mwaka kwa masomo yanayoanza kati ya Julai na Agosti. Kuna mpango mahususi wa ngoma na muziki unaobeba jina la Lata Mangeshkar, na kuna mipango ya jumla, na masharti ya nauli yanatofautiana kati ya mpango na mpango, hivyo soma maelezo ya huo unaouchagua. Utaandika insha ya Kiingereza ya maneno yasiyopungua 500, na utachagua vyuo kwa mpangilio wa upendeleo. Nafasi hizo usizijaze kwa kubahatisha. Hakikisha kila chuo unachokiandika kinafundisha mtindo wako katika ngazi ya uzamili, na kwamba umeshaandikiana na idara yake. Maombi hayo hayalipiwi, kwa hiyo kishoka anayekuambia ana mtu wake ubalozini na anahitaji cha kumtoa, mwache aende zake.

Chuo kikivutiwa na karatasi zako, huenda kikaita usaili kwa video. Wengi hujiandaa kucheza na kusahau mdomo. Mimi niliulizwa nadharia kwa muda mrefu kuliko nilivyocheza. Jiandae kutaja kwa kichwa ishara 28 za mkono mmoja zilizoorodheshwa katika Abhinaya Darpana, kitabu cha kale cha nadharia ya ngoma, miendo 9 ya kichwa, 8 ya macho na 4 ya shingo, pamoja na beti za matumizi yake. Mmoja wa watahini alinyoosha kiganja mbele ya kamera, vidole vimebanana na dole gumba limekunjwa, akanyamaza. Hiyo ni pataka, na alitaka nianze kukariri: kuanza kwa ngoma, mawingu, msitu, kukataza jambo, na kuendelea bila kuvuta pumzi. Utaweza pia kutakiwa kutamka sollukattu, yaani silabi za mdundo, za kipande chako huku ukipiga tala, mzunguko wa mapigo, kwa mkono, jambo ambalo huwaumbua wanaochezea rekodi nyumbani bila mpigaji. Aliyezoea Kathak hili atalimudu, kwa sababu kutamka bol, silabi za mdundo za Kathak, ni sehemu ya mafunzo yake tangu mwanzo.

Ukishapata barua ya udahili, viza ya mwanafunzi huombwa kwa utaratibu uliozoeleka. Chanjo ya homa ya manjano ipate mapema, kwani kadi huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na India huwazuia karantini wasafiri kutoka nchi zetu wasio na kadi. Wafadhiliwa wa ICCR hutakiwa kuwa na bima ya afya, na kwa wiki za mwanzo uwe na fedha zako mfukoni, kwa sababu posho haifiki siku unayofika.

Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha kwa ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Kazi hiyo inafanyika mtandaoni, lakini inategemea karatasi za watu wengine: chuo kinatoa uthibitisho kwamba wewe ni mwanafunzi wake, na mwenye nyumba au bweni anaingiza taarifa zako kwenye fomu ya kuripoti mgeni, ile iliyojulikana kwa muda mrefu kuwa Fomu C. Msimamizi wa bweni ana wanafunzi wengi na kompyuta moja, na atakuambia uje kesho kwa upole kabisa. Mpelekee nakala za pasipoti na viza jioni ileile unapokabidhiwa chumba, na usiondoke dirishani mpaka akupe chapisho la fomu hiyo lenye jina lako lililoandikwa sawasawa na pasipoti.