Chambua karanga, linda ini

Hapa Masasi karanga zangu naanika juu ya turubai, si udongoni. Chukua moja, itikise sikioni: punje zikigonga ganda, zimekauka. Kisha kaa chini uchambue kwa mkono, bila haraka. Iliyosinyaa, iliyotobolewa au yenye ukungu wa kijani ifukie, hata kuku wasiipate. Tafadhali usitegemee kukaanga. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haimalizwi na moto wa jikoni. Ikifika kwenye ini hung'ang'ania DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, na kuharibu jeni ya TP53, breki inayozuia seli kuzaliana ovyo: mara nyingi kwenye kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249, herufi G hugeuka T. Mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi kupata saratani ya ini, kwa hiyo mtoto achanjwe wiki ya 6, 10 na 14. Magunia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta.