Kupima unene wa askari: mizani, futi kamba au mashine?

Chukua mfano wa askari wawili wa kambi moja mkoani Tanga, kila mmoja ana urefu wa sentimita 172. Wa kwanza ananyanyua vyuma kila jioni na ana kilo 89. Wa pili yuko ofisini, kilo 73. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: jibu huitwa BMI, kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu, na wa kwanza anapata 30.1, wa pili 24.7. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani, 25 ni uzito uliozidi na 30 ni unene uliokithiri, kwa hiyo wa kwanza anaandikwa mnene na wa pili anaambiwa yuko sawa. Sasa zungusha futi kamba. Kiuno cha wa kwanza ni sentimita 84, cha wa pili ni 97. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo na kumkaribisha mtu kwenye kisukari na presha, yako kwa huyu wa pili.

Mizani haikudanganya. Inapima msuli, mfupa, maji na mafuta kwa mkupuo, haiwezi kuvitenganisha. Kwa raia wengi kasoro hiyo ni ndogo. Kwa askari ni kubwa, maana kazi yenyewe hujenga msuli. Ndiyo maana tunashauri BMI iwe mlango wa kuingilia tu, na uamuzi utolewe na kiuno kikilinganishwa na urefu.

Anza na urefu na uzito, lakini uvipime sawasawa. Kilo 80 kwa mita 1.72 ni BMI 27.0, andika mita 1.68 kwa uzembe, inaruka hadi 28.3. Buti zivuliwe, visigino viguse ukuta, macho yatazame mbele. Kuta za nyumba za zamani za Tanga na Bagamoyo mara nyingi zina lipu yenye mawimbi na sakafu iliyoinama, kwa hiyo tafuta ukuta ulionyooka, na kichwani tumia ubao wenye kona mraba badala ya kitabu kilichoshikwa kwa mkono. Mizani ikae juu ya saruji; ukiiweka juu ya mchanga, zulia au turubai itasoma vibaya. Askari abaki na fulana na kaptura. Usikisie uzito wa magwanda ukautoa kichwani.

Kiuno ndicho kinachoharibiwa zaidi, na sababu ni moja: kila mpimaji ana mahali pake. Mmoja anapima kwenye kitovu, mwingine pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, na kitambi chote kinabaki nje ya hesabu. Fanya hivi. Futa jasho ubavuni kwa taulo, la sivyo wino wa kalamu hautashika. Papasa ubavu wa mwisho kwa pembeni, weka alama. Papasa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo futi kamba inapopita, moja kwa moja kwenye ngozi. Miguu ikae karibukaribu, mikono ilegee. Zunguka nyuma uangalie kamba haijashuka mgongoni. Mwambie avute pumzi kawaida, aitoe, na usome pumzi inapoishia, kamba ikigusa ngozi bila kuibana. Askari akisikia neno "kiuno" hujikaza tumbo bila hata kukusudia. Mwongeleshe kidogo, mwulize jina la kijiji chao, tumbo litalegea. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, pima tena.

Askari wa kike apimwe na mwanamke mwenzake, nyuma ya pazia; khanga mbili zilizofungwa kwenye kamba zinatosha. Mjamzito hapimwi unene kwa njia yoyote kati ya hizi.

Kisha gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Wa kwanza wetu anapata 0.49, wa pili 0.56. Kuanzia 0.5 hatari imeongezeka, kuanzia 0.6 ni kubwa. Kambini ambako hakuna kikokotoo, kata uzi sawa na urefu wa askari, ukunje katikati ubaki nusu ya urefu wake, umzungushie kiunoni. Ncha zisipokutana, amevuka nusu.

Futi kamba ya fundi cherehani hutanuka ikizeeka. Kila siku ya kazi ilaze juu ya futi ya chuma, sifuri kwa sifuri. Ikikosea kwa nusu sentimita, itupe.

Majeshi mengine yamekuwa yakikadiria asilimia ya mafuta kwa shingo na tumbo, na kwa wanawake nyonga pia. Shingo nene hupunguza makadirio, hivyo hata kosa dogo la kamba hapo hubadilisha jibu. Mwaka 2023 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliamua kutumia kipimo kimoja cha tumbo, usawa wa kitovu, pamoja na uzito. Ukifuata fomula hiyo, pima kitovuni. Usichanganye na kiuno tulichoeleza juu.

Koleo la kubana ngozi, linalopima unene wa mafuta chini yake, linahitaji mkono uliozoea na ngozi kavu, na mpimaji awe yuleyule kila mara. Mashine ya umeme mdogo inakisia mafuta kutokana na maji ya mwili: aliyepungukiwa maji umeme hupita kwa shida, mashine inamsoma ana mafuta mengi. Kwa joto la pwani, mtu akitoka mchakamchaka jibu halifai. Mpime asubuhi, amekwenda haja ndogo, hajanywa chai. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo asipande kabisa. Mwezi wa Ramadhani vipimo vya mashine viahirishwe, kwani daku na saa za kufunga huyumbisha maji ya mwili. Kiuno kinaweza kuendelea, mradi saa iwe ileile.

Daftarini andika kiuno, urefu, uzito, saa, na mahali kamba ilipopita. Aliyefika 0.5 apimwe presha na sukari siku hiyohiyo, hata kama BMI yake ni 23.